Kano Nne za Goti

Mchungaji aliyemzika mume wangu alisema neno moja ambalo watu walilipenda. Alisema marehemu Tobiasi Wanyonyi alikwenda Kitale akiwa na miguu miwili, akarudi kwao Bungoma na mguu mmoja na mke, na kwa mizani ya Mungu hakupunjika. Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha matangani kinachoomba ruhusa, na wanawake waliokaa nami wakanishika mabega. Niliinamisha kichwa. Binti yangu Lidia alidhani nalia, akanipa leso. Sikuwa nalia. Nilikuwa nikiona wodi yenye vitanda kumi na viwili, dirisha lililotazama njia iendayo kijiji cha Kwanza, na mimi mwenyewe, msichana wa miaka ishirini mwenye aproni nyeupe, nimeshika kifundo cha mguu wa mwanamume nisiyemjua, nikitabasamu. Ndiyo, nilikuwa nikitabasamu. Mengine ya maisha yangu nimekwisha kuyaeleza kwa wanangu mara nyingi, lakini mwaka ule sijawahi kumweleza mtu kwa ukamilifu ila yeye, na yeye sasa yuko chini ya udongo.

Hospitali yetu ilikuwa ya misheni, ndogo, nje kidogo ya mji wa Kitale. Leo haipo, pale palipokuwa na wodi pamelimwa mahindi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Tulikuwa wasichana wawili tu tuliokubaliwa kujifunza uuguzi kwa uzito kidogo, si kufagia na kumwaga mabeseni peke yake: mimi, Dorika Nasimiyu, na Wanjiru, ambaye watu wake walikuwa wametoka kwao miaka mingi kabla yake kuzaliwa wakaja kulima katika shamba la mzungu mmoja huko Trans-Nzoia. Tulipanga chumba kimoja mtaani Matisi, cha udongo na paa la madebe yaliyopasuliwa, kiasi kwamba mvua ikinyesha tuliacha kuzungumza mpaka ikatike. Asubuhi tulikunywa uji wa mahindi tukiwa tumesimama, jioni tukala ugali na kunde, au mboga ya sukuma ikiwa kunde zimekwisha. Wanjiru alikuwa mwembamba, mwepesi wa kuuliza. Mimi nilikuwa na kichwa cha kushika majina. Yeye akisikia jambo huuliza linakwenda wapi. Mimi nikisikia jambo nalikariri, naridhika. Wakati ule nilijiona mimi ndiye mwenye akili.

Aliyetufundisha alikuwa Sista, mwanamke wa Kizungu mwenye mikono mikubwa kama ya mkulima. Kiswahili chake kilikuwa kigumu lakini hakikudanganya. Kwenye kona ya chumba cha dawa alikuwa ametundika mifupa ya mtu mzima, na wafagiaji walikataa kuingia humo peke yao. Mifupa ilikuwa imeunganishwa kwa nyaya. Siku ya kwanza ya somo la viungo Sista aliushika ule waya wa goti, akasema, "Hii ni uongo. Katika mtu hakuna waya. Mfupa na mfupa zinashikwa na kano. Kano ikikatika, mfupa haijui kwao ni wapi." Kisha akatueleza kwamba kila kiungo kina tabia yake. Bega, alisema, limepewa uhuru mwingi, ndiyo maana hutoka upesi. Nyonga imezamishwa ndani kama mchi kwenye kinu, na haitoki mpaka mtu agongwe na kitu kikubwa. Lakini goti ni mfupa uliokalishwa juu ya mfupa, hakuna kinu, hakuna shimo. Kinacholizuia lisianguke ni kano nne. Mbili za pembeni, moja upande wa ndani na moja upande wa nje. Mbili za katikati, zimepishana kama mikono ya mtu aliyeikunja kifuani, moja inazuia mfupa wa muundi usikimbilie mbele, nyingine usirudi nyuma. Mimi niliyameza yale maneno kama mtu aliyeshinda njaa. Nilikuwa sijui kwamba ndani ya mtu wa kawaida, anayetembea akienda kuteka maji, kuna kazi kubwa namna hiyo.

Jumamosi moja Wanjiru alirudi kutoka kwa mchinjaji na goti zima la mguu wa nyuma wa ng'ombe, limefungwa kwa jani la mgomba. "Si tulitazame lenyewe," akasema. "Waya imenichosha." Tuliketi sakafuni, tukatandika gunia, tukalifungua kwa kisu cha kukatia mboga. Nyama ilitoka, tukafika kwenye ngozi nyeupe iliyolifunika goti kama mfuko, na tulipoitoboa ute ulitiririka, mzito, unateleza kama mrenda. Tukaona vipande viwili vya gegedu vilivyopinda kama mwezi mchanga. Kisha tukaziona. Kano za pembeni zilikuwa ngumu, nyeupe, zinang'aa. Kisu kilikwaruza juu yake bila kuzidhuru. Wanjiru alishika mfupa wa juu, mimi wa chini, tukavutana, na goti halikuachia. Alikata ya pembeni. Goti likafunguka kidogo upande ule kama lango lililotoka bawaba. Akakata moja ya katikati, na mfupa wa chini ukateleza mbele mkononi mwangu. Tulipiga kelele za furaha mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna habari njema.

Nyuma ya goti Wanjiru alivuta kitu kama mrija, laini, kimebanwa mahali pake na nyuzi ngumu, juu na chini. "Na hii? Ona vile imeshikwa huku na huku. Mfupa ikitoka, hii itaenda wapi?"

"Ni mshipa wa damu tu," nikamjibu. "Leo tunasoma kano."

Aliutazama bado, akiuvuta na kuuachia. Kisha tukatia mifupa yote kwenye sufuria na chumvi, tukachemsha mpaka jua likazama, tukanywa supu ya goti tulilolisoma. Sijapata kunywa supu tamu kama ile. Nadhani ndiyo siku ya mwisho ya furaha yangu isiyokuwa na kasoro, na nilikuwa na mafuta ya ng'ombe kidevuni.

Mwaka ule, serikali ikiwashuku kuwa waasi, watu wa kabila la kina Wanjiru walikuwa wakiondolewa kwenye mashamba ya wazungu na kurudishwa katika nchi ambayo wengine wao hawakuwahi kuiona. Tulisikia mazungumzo ya wagonjwa: fulani amechukuliwa na watoto wake, fulani ameacha mahindi yamekomaa shambani. Siku moja baba yake alikuja akasimama nje ya wodi, kofia mkononi. Walizungumza lugha yao dakika chache. Wanjiru alirudi ndani, akavua aproni, akaikunja vizuri, akampa Sista. Sista alikwenda kwa mkuu wa wilaya kumwombea, akarudi uso umewaka, ombi limekataliwa. Nilimsindikiza rafiki yangu mpaka kwenye lori. Aliniambia, "Soma na yangu," yaani somo lililobaki. Sikumwona tena, na barua nilizoandika hazikujibiwa. Chumba kile Matisi kikawa kikubwa kuliko nilivyoweza kukijaza.

Wiki mbili baadaye wakamleta Wanyonyi. Alikuwa hamali wa stesheni, mpakiaji wa magunia ya mahindi kwenye mabehewa. Rundo la magunia lilikuwa limeporomoka asubuhi, gunia moja likampiga goti kutoka mbele wakati mguu umekanyaga imara, na goti likakunjika upande ambao goti halikunjiki. Wenzake walimbeba juu ya mlango. Mmoja wao, mtu mnene aliyeitwa Kundu, alinieleza akiwa anahema: "Mfupa ilikuwa imetokea huku nyuma, dada. Mimi nikavuta, ikarudi. Ikalia kabisa, kwaa! ikarudi. Si nilifanya vizuri?"

Nikamwambia amefanya vizuri. Sista alikuwa Kapenguria siku ile na daktari, na wodi ilikuwa mikononi mwangu na mwa dresa mmoja mzee, mfungaji wa vidonda, aliyekuwa na kazi ya kutosha upande wa watoto. Nilimlaza yule mgonjwa. Alikuwa kijana mrefu, jasho linamtoka, lakini alijaribu kutania. "Sista mdogo," akasema, kwa ulimi wetu wa Bungoma ambao nilikuwa sijausikia kwa siku nyingi, "usinikatie suruari, ni ya kuazima."

Niliikata. Goti lilikuwa limefura, lakini lilikuwa limenyooka, liko mahali pake. Hapo ndipo nilipoanza kutabasamu. Nilishika kifundo, nikasukuma upande: goti likafunguka kama lile la ng'ombe. Nilisukuma upande wa pili: likashikilia. Nikalikunja kidogo, nikaukumbatia muundi kwa mikono miwili, nikavuta: mfupa ukaja mbele. Nikasukuma: ukaenda nyuma. Tatu kati ya nne. Nilijisemea kimoyomoyo, ya ndani, na mbili za katikati. Nilimtesa yule kijana kwa uchunguzi wangu, akauma meno, nami niliona uzuri tu, ule uzuri wa kitu ulichokisoma kikija chenyewe mlangoni kwako. Nilifunga banzi na bandeji safi kutoka pajani mpaka juu ya kifundo, nikaandika kwenye kitabu cha wodi kwa mwandiko wangu mzuri kabisa kwamba goti limeteguka na kurudi, kano tatu zimekatika. Nilitamani Wanjiru aone.

Sikushika unyayo. Sista alikuwa ametuambia, na zaidi ya mara moja: ukimaliza na kiungo, shuka chini yake, tafuta mapigo ya damu juu ya unyayo na nyuma ya kifundo. Kazi ya pumzi mbili tatu. Sikuifanya. Sikuisahau kwa uchovu wala kwa hofu. Nilikuwa nimefurahi mno.

Jioni, wakati wa kugawa ugali, Wanyonyi aliniita. Sahani yake haikuguswa. "Sista mdogo, mguu umerara. Vidole sivisikii."

"Ni uvimbe," nikasema. "Kesho utapungua."

"Ni baridi, lakini."

Nilimletea blanketi la pili, nikalifunika juu ya mguu, nikalichomeka pembeni kama mama anavyomfunika mtoto. Mkono wangu ulipita juu ya vidole vyake. Vilikuwa baridi kama vyombo. Nimesema kwamba sikushika unyayo, lakini hiyo si kweli kabisa. Niliushika pale, bila kutaka, na kitu ndani yangu kikajua, na nikakikatalia. Nilimaliza zamu nikaenda nyumbani, nikala, nikalala.

Asubuhi Sista alikuwa amerudi. Nilimkuta ameinama juu ya kitanda kile, blanketi liko chini, bandeji imefunguliwa. Unyayo ulikuwa na rangi ya nta, na vidole viwili vimeanza kuwa na madoa ya zambarau. Hakupaza sauti. Aliuliza, "Nani alipokea huyu?"

"Ni mimi, Sista."

"Jana ulitafuta mapigo ya mguu?"

Wanyonyi alikuwa akinitazama. Nikasema, "Ndiyo."

"Yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

"Na jioni?"

"Na jioni."

Basi aliniamini, kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wake bora, na kwa kuwa alikuwa amebaki na mmoja tu. Kama ningesema kweli, angejua kwamba mguu ule umekaa bila damu tangu saa nne ya jana, na mguu ungekatwa siku ile ile, chini ya goti. Lakini kwa neno langu alifikiri damu imezibika alfajiri tu, na kwamba huenda ikarudi. Daktari naye akamsikiliza. Wakasubiri siku mbili, wakipasha mwili joto na kuuweka mguu huru, na katika siku hizo mbili weusi ulipanda muundini mpaka chini ya goti. Siku ya tatu wakakata katikati ya paja. Nilishika taa na beseni. Goti lile, na kano yake moja nzima, lilipita mikononi mwangu likiwa limefungwa kwa kitambaa, na nilishangaa jinsi lilivyokuwa zito.

Baadaye Sista alikaa na mimi kwenye chumba cha dawa, akanifundisha kile ambacho Wanjiru alikiuliza juu ya gunia sakafuni. Mshipa ule nyuma ya goti umefungwa juu na chini, kwa hiyo mfupa ukiondoka haukimbii nao. Unanyooshwa, unapasuka kwa ndani, damu inaganda humo polepole. "Goti inaweza kurudi yenyewe ikaonekana mzuri," alisema. "Si makosa yako. Wewe ulitazama." Akanipapasa mkono. Nilitaka kufa, nami nikasema, "Asante, Sista."

Wanyonyi alikaa wodini miezi minne. Kila siku nilisafisha kigutu chake, nikikifunga ili kipate umbo la kuvaa mguu wa mti, ingawa mguu wa mti haukupatikana. Seremala alimtengenezea magongo ya mti wa msanduku. Alijifunza kutembea kati ya vitanda, akianguka, akicheka, akilia siku moja tu, siku Kundu alipokuja kumwambia kwamba nafasi yake stesheni imepewa mtu. Mimi nilikuwa pale kila saa. Wagonjwa wengine walianza kunong'ona, wakisema Sista mdogo ameanguka kwa mapenzi. Hawakujua nilivyoanguka. Nilimletea mayai ya kuchemsha, nikamsomea barua za kwao, nikakaa naye hata siku zangu za mapumziko, na yeye alinitazama kama mtu anayetazama mvua baada ya kiangazi. Mwishoni, alipokuwa anajiandaa kupanda lori la mahindi la kurudi Bungoma kupitia Kimilili, aliniambia akitazama magongo yake, "Wewe ni mtu amesoma. Mimi sasa ni nusu. Lakini nikikuuriza na ukatae, nitakuwa nimekuuriza."

Nikakubali. Shangazi yangu alisema nimerogwa. Sista alisema nimekosea, kwamba huruma si kazi ya kuifanya mpaka kufa, na hakuja harusini. Niliacha uuguzi. Watu wa Bungoma walinisifu mno, na kila sifa niliipokea nikiwa nimeinamisha uso, wakaiita unyenyekevu.

Alikuwa mume mwema. Alijifunza kutengeneza baiskeli, akaketi barazani pa duka moja karibu na stesheni, mikono yake ikawa maarufu. Kila jioni kwa miaka ishirini nilipasha maji, nikatia chumvi, nikaosha kigutu chake na kukipaka mafuta, na hiyo ndiyo saa tuliyozungumza mambo yetu yote, ada za Lidia, kanisa, mahindi. Mwaka wa ishirini, alasiri moja tukiambua maharagwe uani, nikamwambia. Sijui kwa nini siku ile. Nilianza, "Baba Lidia, kuna jambo la goti lako," nikaendelea mpaka mwisho: unyayo, blanketi, uongo, siku mbili za kusubiri. Aliendelea kuambua. Maganda yalianguka upande wake, maharagwe upande wangu. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Mama Lidia, ndiyo sababu ulikubali tuoane?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira, kwa kufukuzwa, hata kwa msamaha. Swali hilo sikulitayarishia. Nikasema, "Sijui." Na wakati ule ilikuwa kweli, nilikuwa nimesema uongo mara moja katika maisha yetu na niliapa kutosema wa pili.

Aliitikia kwa kichwa. Jioni nilipoleta beseni alinyoosha mikono akalipokea. "Lete," alisema kwa upole. "Nitafanya mwenyewe." Akafanya mwenyewe siku ile, na kesho yake, na miaka kumi na tisa iliyofuata, mlango wa chumba umerudishwa. Hakunitukana, hakumwambia Lidia, hakumwambia mtu kanisani. Tulikula pamoja, tukaenda harusi na matanga pamoja, na watu wakaendelea kutusifu. Mimi nilikaa sebuleni kila jioni nikisikia maji yakimiminwa, mkono usiokuwa wangu ukifanya kazi yangu vibaya.

Haikunichukua muda mrefu kulipata jibu. Kama miaka mitatu baada ya siku ile aliugua malaria, akaweweseka, nikakaa naye, na nikatambua jinsi ambavyo nisingeweza kuishi katika nyumba ambayo yeye hayumo, na kwamba ilikuwa hivyo tangu wodini, tangu utani wa ile suruali, kabla sijakosea lolote. Jibu lilikuwa hapana. Sikuolewa naye kwa sababu hiyo. Lakini nilihofia kwamba nikimwambia bila kuulizwa angeona ni dawa ya kutuliza, kama lile blanketi la pili. Nikasema nitangoja aulize tena. Alipopona hakuuliza. Nilingoja miaka kumi na sita, karibu naye, kwenye meza moja, na hakuuliza tena.